Kikombe Kilichopoa cha Abu Mizhir

Macho ya Bi Fiddah yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini buni alizikaanga mwenyewe. Hakuhitaji kuziona. Alikaa mbele ya seredani na kikaango chake cha chuma, akawa anazigeuza kwa kijiko kirefu huku akizisikiliza. Zilipoanza kupasuka aliinamisha kichwa, na harufu ilipofika pale alipopataka, aliziepua. Mkwewe Tamam akimwambia, "Nipe nikupokee, Mama," yeye hucheka tu. "Siku nikiunguza, mjue siku zangu zimekwisha," husema.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Disemba mwaka 1955, na baridi ya milima ya Es-Salt ilikuwa inauma hadi kwenye kucha. Alikaanga nyingi kuliko kawaida. Mgeni aliyetarajiwa alikuwa ametoka Baghdad, na tena hakuwa mgeni wa hivi hivi. Alikuwa Abu Mizhir, mkwe wao, ambaye mwanawe Mizhir ndiye aliyemwoa Shaha.

Shaha alikuwa binti wa Dhiyab na Tamam, lakini tangu aache ziwa alilala kitanda kimoja na bibi yake mpaka wiki aliyoolewa. Hata sasa, miaka mitatu baadaye, Bi Fiddah hulala upande mmoja wa kitanda na kuacha ule wa ukutani wazi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tamam alikuwa akitandika pande zote mbili kila asubuhi, na kwa hilo Bi Fiddah alimshukuru bila kusema.

Kule Baghdad Shaha alikuwa amezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati. Kwa yule wa pili aliomba aje azalie kwao, kama wanawake wa Es-Salt wafanyavyo, bibi amkande mgongo na mama ampikie. Abu Mizhir akakataa. Alisema njia ya jangwani ni ndefu, na kwamba Baghdad kuna madaktari, Es-Salt kuna nini zaidi ya vikongwe? Mtoto akazaliwa Baghdad, akaishi siku tisa. Dhiyab alipopata habari aliandika barua ya hasira, na tangu hapo nyumba hizi mbili hazikupelekeana hata salamu za Idi.

Sasa Shaha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Barua yake ilifika mwezi uliopita, na Tamam aliisoma mara tatu kwa sababu Bi Fiddah alitaka kuisikia tena. "Bibi, ninaogopa. Nataka kuja. Baba mkwe hasemi ndiyo wala hasemi hapana. Anasema baba yangu alimtukana."

"Niombe radhi mimi?" Dhiyab alikuwa amesema. "Mtoto amekufa, halafu niombe radhi mimi?"

Basi ikawa hivyo. Huyu hataki kuomba, yule hataki kutuma, na tumbo la Shaha linakua. Bi Fiddah hakuwalaumu. Aliwajua wanaume wote wawili kuwa watu wema waliokwama mlangoni kwa kungojeana. Lakini kila baada ya sala aliomba jambo moja tu, Shaha alale tena upande wa ukutani.

Ndiyo maana iliposemekana kwamba Abu Mizhir anakuja, tena anakuja na watu wazima wa kumsindikiza, moyo wake uliruka kama wa msichana.

Kwao mtu mwenye haja nzito haji peke yake. Huja na watu wa heshima, akakaa, akapewa kikombe cha kahawa, naye akakiweka chini mbele yake bila kukionja. Mwenye nyumba akisema, "Kunywa kahawa yako," basi haja imekubaliwa, na neno hilo halirudi nyuma. Asiposema, kahawa inapoa, wageni wanaondoka na midomo mikavu, na mji mzima unajua kabla jua halijazama. Ndivyo watu wanavyoposa. Ndivyo wanavyoomba msamaha wa damu. Bi Fiddah alikuwa ameona vikombe vingi vikiwekwa chini katika miaka yake sabini na kitu, na kila kimoja kilihusu ama harusi ama msamaha.

Lakini kulikuwa na jambo Dhiyab hakumwambia mama yake. Bi Fiddah alikuja kulijua baadaye, siku hiyo hiyo, kwa njia iliyomfanya atamani sakafu ipasuke.

Dhiyab alikuwa mbunge, na wabunge wengine sita wa milimani walifuata alipokwenda. Mwezi huo nchi nzima ilikuwa inachemka kwa ajili ya Mkataba wa Baghdad. Iraki na Uturuki zilikuwa zimefunga umoja wa majeshi pamoja na Waingereza, na zilitaka Jordani iingie. Misri ilisema atakayeingia amewauza Waarabu. Wa Baghdad na wa Cairo wote walikuwa Waislamu, wote wakielekea kibla kimoja, na kila jioni redio ya huyu ilimtukana yule. Abu Mizhir alikuwa mtu wa serikali kule Baghdad. Alitumwa na karatasi ya kuunga mkono mkataba, itiwe sahihi na Dhiyab na wenzake. Na kijana wa ubalozini aliyeongozana naye, Sabri Effendi, alikuwa ameshampenyezea Dhiyab neno siku mbili kabla: sahihi ikipatikana, gari la ubalozi litamleta binti yake hadi mlangoni. Isipopatikana, nani ajuaye mipaka itakavyokuwa.

Dhiyab hakulala siku mbili hizo. Mama yake alidhani ni mafua.

"Mama, sikiliza wanavyosema," Tamam alisema asubuhi hiyo, akiongeza sauti ya redio iliyokuwa juu ya kabati. "Cairo wanasema watu wa Baghdad ni vibaraka, wamekula chumvi ya Mwingereza."

"Nani, Abu Mizhir?"

"Wote, Mama."

Bi Fiddah aliinuka, akapapasa mpaka kabatini, akachukua mto wa kochi, akaifunika redio nao. "Isimtukane mkwe wangu nyumbani kwangu. Akiondoka, itukane inavyotaka."

Tamam alicheka mpaka akaweka mkono kinywani. Hakuutoa ule mto.

Kabla ya adhuhuri jirani yao Abu Ghattas, Mkristo mwenye duka la nguo, aligonga mlango wa nyuma akiwa na debe la mafuta ya taa begani. Maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa mgomo.

"Umm Dhiyab, nimesema wageni watakaa hadi jioni, na ninyi taa zenu zinakunywa kuliko ngamia."

"Mungu akupe, Abu Ghattas. Umepata wapi, na mji umefungwa?"

"Dukani kwangu, nimejiibia mwenyewe. Nikifungua vijana wananivunjia mlango. Nisipofungua mke wangu ananivunja kichwa." Aliliweka debe chini, akashusha sauti. "Dhiyab ameniomba niwe miongoni mwa watakaomsindikiza mkwe wenu, maana yeye hana watu mji huu. Nimevaa koti la harusi yangu. Linabana, lakini lina heshima."

"Ya heri, Abu Ghattas. Tunahitaji uso wako leo."

"Uso wangu ni huu huu, hajati. Bora umekosa macho ya kuuona."

Alipokwenda, Bi Fiddah aliketi na kinu cha mti katikati ya miguu, akatwanga. Mume wake alimfundisha mapigo hayo: mawili mazito, moja jepesi pembeni, ili majirani wakisikia wajue nyumba hii ina mgeni. Aliweka iliki nyingi. Alipika kahawa katika dele kubwa, akaihamishia ndogo, akaionja, akasema alhamdulillahi.

Wageni walifika baada ya alasiri. Bi Fiddah alisikia miguu yao ukumbini, akazitenganisha: ya Abu Ghattas inayoburuta, ya wazee wawili wa mtaa, viatu vipya vya mtu kijana, na hatua nzito za taratibu za mtu aliyezoea kupishwa njia. Huyo ndiye. Aliwahi kumsikia mara mbili tu, siku ya posa na siku ya harusi, lakini mtu aliyemchukua mjukuu wako huwezi kuzisahau hatua zake.

Wanawake walikaa jikoni. Tamam alisimama kwenye upenyo wa mlango uliotenganisha jiko na chumba cha wageni.

"Wamekaa," alinong'ona. "Dhiyab anamimina. Amempa Abu Ghattas... amempa Abu Mizhir."

"Amekunywa?"

"Mama. Ameweka chini."

Bi Fiddah alishika mtandio wa kichwa chake kwa mikono miwili. "Umeona vizuri?"

"Kikombe kiko mbele yake, juu ya zulia. Hajakigusa. Sasa anasema."

"Anasema nini?"

Lakini wakati huo huo waandamanaji walipanda ule mtaa wa ngazi chini ya dirisha, mamia yao, wakipiga kelele kwamba nchi haiuzwi, na sauti zao zikameza kila neno. Tamam alibandika sikio mlangoni asisikie kitu. Aliona midomo ya Abu Mizhir ikienda, kisha ikafungika. Kelele zilipopungua, chumbani hakukuwa na sauti yoyote.

"Dhiyab hajibu," alisema Tamam. "Ameinamisha kichwa. Mama, amekaa tu."

"Hajibu?"

"Hajibu."

Bi Fiddah alihesabu moyoni kama anavyohesabu buni. Alifika hamsini. Bado kimya. Akafikiri: mwanangu ni mkaidi kama baba yake. Mtu amesafiri siku mbili jangwani na mvi zake, ameleta wazee, ameweka kikombe chini kuomba tumsamehe kwa ajili ya yule mtoto, na mwanangu anakiacha kipoe. Kikipoa, Shaha haji tena.

"Nishike mkono," alimwambia Tamam.

"Mama, huko ni wanaume. Ngoja kwanza."

"Nimengoja tangu msimu wa zeituni. Nisipokaa na mkwe wangu nikiwa na umri huu, nitakaa naye lini? Nishike."

Tamam alimfikisha mlangoni, akamwachia. Bi Fiddah aliingia mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Wanaume wote walisimama. Alisikia nguo zao zikinyanyuka kutoka kwenye magodoro, akaona aibu kuwasumbua.

"Asalaam alaikum, wageni wetu. Kaeni, kaeni. Abu Mizhir uko wapi?"

"Niko hapa, Umm Dhiyab." Sauti ilikuwa imechoka. "Mungu akupe afya."

Akaifuata sauti, akainama taratibu mpaka vidole vyake vikagusa zulia, kisha kikombe. Kilikuwa kimejaa, na kimeshakuwa baridi. Moyo ulimuuma kwa kikombe kile kama kwamba ni mtoto aliyeachwa nje. Akajiweka sawa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Kunywa kahawa yako, Abu Mizhir. Ulichokuja kukitaka, nyumba hii imekupa."

Kisha Abu Ghattas akasema polepole, "Ewe Bikira Mariamu."

"Mungu akuweke, hajati!" Hiyo ilikuwa sauti ya kijana, kavu na yenye furaha. Mkoba wa ngozi ulifunguliwa, karatasi zikasikika zikichakarika. "Wote mmesikia. Mkubwa wa nyumba amesema, mbele ya mashahidi watatu wa mji huu. Mheshimiwa Dhiyab, au ninyi watu wa milimani neno la mama zenu halina uzito?"

"Chunga mdomo wako, Effendi," alisema mmoja wa wazee.

"Mimi nimeuliza tu, mzee wangu."

Bi Fiddah aligeuza uso huku na huku. Hakuelewa. Alingoja Dhiyab aseme kitu, na Dhiyab aliposema sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebeba gunia.

"Neno la mama yangu ndilo neno la nyumba hii. Halijawahi kurudi nyuma, na halitarudi leo. Lete kalamu."

"Dhiyab," Abu Ghattas akasema, "ukitia sahihi hiyo, kesho watachoma nyumba hii."

"Wacha wachome. Simfanyi mama yangu mwongo mbele ya wageni."

"Kalamu?" akauliza Bi Fiddah. Alikuwa angali ameinama, mkono kwenye zulia. "Kalamu ya nini, mwanangu? Tangu lini msamaha ukaandikwa?"

Sauti ya Abu Mizhir ikaja, karibu sana, kwa kuwa alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Msamaha gani, Umm Dhiyab?"

"Wa mtoto," alisema. "Wa yule wa siku tisa. Si ndio umekuja kuuomba? Sikiliza, Abu Mizhir. Mimi nilikukasirikia, nisikufiche. Nilikaa kitandani nikasema, yule bwana anatuita vikongwe, basi Mungu amwonyeshe. Kisha nikafikiri: yule naye alikuwa babu yake. Yeye ndiye aliyembeba kumpeleka makaburini, sisi hata hatukumwona. Shaha aliniandikia kwamba wewe ndiye uliyemwogesha, kwa sababu Mizhir alishindwa. Shaha aliniandikia kwamba ulikaa nje ya mlango wake usiku saba ili asiamke peke yake. Sikukuandikia kukushukuru. Kosa ni langu pia. Basi tumekusamehe, na wewe utusamehe ile barua. Kunywa, mwanangu. Kisha uniletee msichana wangu."

Alikuwa amesema mengi kuliko alivyokusudia. Alijifuta pua kwa ncha ya mtandio.

Kisha alisikia kitu asichowahi kukisikia kwa mwanamume yule, pumzi iliyokatika katikati. Na hapo, kwa kuwa hakuwa mjinga, alianza kuelewa: karatasi, kalamu, wale vijana mtaani, nchi haiuzwi. Alikuwa ameiuza nyumba ya mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe.

"Dhiyab," alisema kwa sauti ndogo. "Nimefanya nini?"

"Hukufanya kosa, Mama. Kaa."

"Sabri," akasema Abu Mizhir, bila kusimama. "Rudisha hiyo karatasi mkobani."

"Bwana mkubwa, neno limeshatoka! Kwa mila yao wenyewe! Serikali inangoja..."

"Mila ninaijua. Kikombe kimoja, haja moja. Nilikuja na haja ya Baghdad, nikaweka kikombe chini kwa ajili yake. Mama huyu amenipa haja yangu mwenyewe, ile niliyokosa uso wa kuitaja mwaka mzima. Nimeipokea. Mtu hapewi mbili kwa kikombe kimoja."

"Na ripoti, nitaandika nini?"

"Andika kahawa ilikuwa nzuri."

Abu Ghattas alianza kucheka, akajizuia, na kifungo cha koti lake la harusi kikaruka kikabiringika kwenye zulia. Hapo hata wazee wakashindwa.

Bi Fiddah hakucheka. Alinyoosha mkono kukichukua kile kikombe. "Imepoa, Abu Mizhir. Ngoja nikumiminie nyingine."

"Hii hii, Umm Dhiyab."

Alikitoa polepole vidoleni mwake, akanywa. Bi Fiddah alimsikia akimeza mara tatu, kisha akikitikisa kikombe kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetosheka. Dhiyab alisogea, akambusu mkwewe bega la kulia, na Abu Mizhir akambusu yeye paji la uso. Tamam alikuwa analia nyuma ya mlango bila kujificha.

Walikula pamoja wali na nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mtindi. Sabri Effendi alisema hana njaa, lakini Tamam alimpelekea sahani yake pembeni, na baadaye ilirudi tupu. Walipoondoka, wale vijana walikuwa bado mtaani, wamelizunguka gari la ubalozi na mawe mikononi. Dhiyab alitoka bila koti, akamshika mkwewe mkono, akashuka naye ngazi zote tisini mbele ya macho yao. Hakuna jiwe lililorushwa. Mmoja wao alifungua mlango wa gari, akasema, "Karibu tena, mjomba." Bi Fiddah alikuja kumjua yule kijana baadaye, mtoto wa mwokaji mikate, na kila alipopita alimpa machungwa.

Nchi yao haikujiunga na ule mkataba. Haikuwa kwa sababu ya kikombe kile, kulikuwa na mambo makubwa zaidi na damu nyingine iliyomwagika kwingine, Mungu awarehemu. Redio ziliendelea kutukanana majira yote ya baridi, na mto wa kochi ulishinda juu ya kabati. Abu Mizhir alirudi Baghdad mikono mitupu. Haukupita mwezi akapumzishwa kazi, akarudi kwenye mitende yake kule Hilla. Alimwandikia Dhiyab mistari minne tu, na mmoja ulisema: "Sasa nina nafasi ya kujua majina ya ndege."

Mwishoni mwa Januari basi la jangwani lilifika Amman likiwa limejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Shaha alishuka akiwa na tumbo kubwa, na nyuma yake mama mkwe wake, ambaye Abu Mizhir alimtuma asafiri naye ili asikae peke yake njiani. Gari la ubalozi halikuwepo. Abu Ghattas ndiye aliyewachukua kwa lori lake la nguo. Alikuwa ameweka magodoro matatu nyuma, na njia nzima hadi Es-Salt aliendesha taratibu mpaka punda wakampita.

Usiku ule Bi Fiddah alilala upande wake wa kitanda. Upande wa ukutani ulikuwa na joto. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mjukuu wake, na kitu fulani mle ndani kikampiga teke.

"Bibi, umelala?"

"Sijalala. Ninashukuru."

"Bado?"

"Orodha ni ndefu, mwanangu. Ndiyo kwanza nimefika kwa Abu Ghattas."

Mtoto alizaliwa Aprili, msichana, siku ambayo milima yote ilikuwa ya kijani. Siku ya tisa hakuna aliyezungumza nyumbani. Tamam alipika akamwaga chumvi mara mbili. Bi Fiddah alikaa na mtoto mapajani kutwa nzima, vidole vyake kwenye kifua kile kidogo, akisikiliza. Siku ya kumi mtoto aliamka akalia kwa njaa, na nyumba nzima ikaanza kusema kwa pamoja.

Katikati ya Juni Abu Mizhir alikuja kuwachukua. Safari hii hakuja na wazee wala mkoba. Bi Fiddah alikuwa ameketi kwenye seredani aliposikia zile hatua nzito ukumbini, na zilikuwa nyepesi kuliko alivyozikumbuka. Alikuwa amekwishatwanga. Alimmiminia mwenyewe, akihisi ukingo wa kikombe kwa kidole gumba ili asijaze kupita kiasi, akampa, na kama kawaida ya mtu aliyeishi miaka mingi katika nyumba ya vikombe, akasubiri kusikia sauti ndogo ya udongo ukigusa zulia.

Hakuisikia. Alisikia akinywa, pale pale, kabla hata hajaketi vizuri.

"Kumbe leo huna haja, Abu Mizhir?"

"Sina, Mama. Leo nimekuja kunywa kahawa." Akamrudishia kikombe. "Niongeze."